Msumari wa Dripu

Afisa wa wilaya alimletea Nesi Tumpale cheti cha Muuguzi Bora, ndani ya fremu nzito ya kioo. Ukuta wa udongo wa zahanati ulikuwa na msumari mmoja tu, na siku hiyo ulikuwa umetundikwa dripu ya mtoto anayeharisha. Mama wa mtoto alikuwa amelala kitanda cha pembeni, naye hoi kwa ugonjwa uleule.

"Ishike hiyo dripu kidogo, nesi, tupige picha," alisema afisa, akaitoa msumarini na kutundika cheti.

"Mzee, mimi niliomba mwenzangu wa kusaidiana naye. Huu mwaka wa nne."

"Tunalifanyia kazi."

Gari lilipoondoka, fremu ilianguka na msumari wake. Nesi akabaki ameiinua dripu kwa mkono. Nje, pikipiki ilimshusha mjamzito anayeugulia kwa uchungu.

Kutoka kitandani, yule mama akautazama mkono ulioinuliwa, kisha akajikongoja na kunyoosha wake kuipokea dripu.