Kipimo cha Bure Kwenye Maonyesho

Uvumi ulisema wasichana wanaopelekwa kwenye nyumba ya serikali kule mlimani hurudi wamefungwa kizazi. Niliusikia kanisani, haukunitoka kichwani. Hata hivyo nikawapeleka wanangu kwenye maonyesho ya wakulima.

Kando ya banda la ng'ombe, daktari wa serikali alimpima mdogo kichwa kwa koleo la chuma, akampa utepe wa buluu kama wa ng'ombe mshindi.

"Mbegu safi hii, mama! Na huyu mkubwa?"

Akainama upande wa kushoto wa Verna, akamwuliza jina. Sikio la upande huo liliharibika kwa surua. Verna akaendelea kulamba asali ya miwa vidoleni.

"Ni mzito wa akili huyu?"

Nikisema hasikii, ataandika kasoro. Nikinyamaza, ataandika mpumbavu.

"Ana haya tu, bwana daktari."

"Mwenye haya hujua jina lake, mama." Akaandika.

Kina mama wenzangu, epukeni haya:

Kipimo cha bure.

Maswali juu ya babu mlevi.

Mama wa ustawi wa jamii wa kaunti anayekuja nyumbani na peremende.

Kutia saini operesheni ya kidole tumbo kule mlimani kabla ya kumwuliza binti kama tumbo linamuuma.