Nimeijaribu Mara Tatu

Zilibaki dakika ishirini kufika saa tano asubuhi, na mtengeneza gemu alikuwa chini ya meza, anapapasa sakafu kutafuta hedifoni zilizomponyoka. Simu ameibana begani.

"Dada, uko wapi mpaka sasa?"

"Kwenye basi lililokufa, mdogo wangu. Dereva yuko chini ya injini kama wewe ulivyo chini ya hiyo meza. Usibishe, nasikia unavyohema."

"Sasa gemu?"

"Itoe mwenyewe. Picha zote si nilikutumia jana? Liunganishe hilo faili, ujaribu, utoe."

"Peke yangu?"

"Kwani umenioa?"

Kwa miaka mitatu hawakuwahi kufanya hivyo. Kila Alhamisi dada mtu alikuja na picha alizochora, wakaketi kiti na kiti, wakaipitia gemu chumba baada ya chumba. Leo, siku ya siku, kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Akaunganisha. Akajaribu.

Mchezaji ni mwizi aliyetubu: anaingia kwa bibi kizee aliyelala, arudishe ufunguo alioiba. Kila ubao unalia, kila bawaba ina umbea wake. Akavuka sebule, akapanda ngazi, akarudisha ufunguo, akatoka. Bibi akakoroma panapotakiwa. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Hakuna hitilafu hata moja.

Wafuasi wake walikuwa mia nne na kumi na wawili. Usiwacheke. Wenzake walinunua matangazo. Yeye alikuwa na Ijumaa tu. Kila Ijumaa aliweka sauti ya sekunde ishirini bila neno: zipu ya begi, mfuniko wa sufuria, mtu anayekuna upara. Wafuasi wakakisia, wakagombana, wakataniana. Aliyepatia alituma sauti ya kwake, nayo ikaingia kwenye gemu. Ndiyo maana mle ndani mlikuwa na chafya ya mwalimu mmoja na mlango wa jikoni wa mama wa watoto wanne. Picha za dada hawakuwahi kuzionyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya leo.

Na leo kulikuwa na mambo mawili ya kumnyima mate mdomoni. Kwanza, bosi wa ofisi alikopokea simu miaka tisa alikuwa amemwambia, "Saa sita kamili nipe jibu, unarudi kazini au hurudi. Kiti chako kipo, lakini si cha urithi." Pili, Msumari.

Msumari alicheza gemu za watu hewani mtandaoni, maelfu wakimtazama, na leo alikuwa ameahidi kuicheza hii. Gemu iliyomchosha aliipigilia jeneza hapohapo, na alichoka upesi: dakika kumi. Baada ya hapo hata mama yako mzazi hakufuati.

Saa tano juu ya alama, mtengeneza gemu akabonyeza. Gemu ikatoka.

"Haya wapendwa," Msumari akaanza, "tumwone huyu fundi wa Ijumaa." Akabonyeza. "Ala!" Akabonyeza tena. "Wapendwa, mnaona ninachokiona mimi? ... Wanasema tunaona sawasawa. Huyu bwana ana wazimu. Sisemi kitu, kila mtu akafungue ajionee."

Mtengeneza gemu akazishika hedifoni kwa mikono miwili kana kwamba zitakimbia.

Dakika ya nne Msumari alikanyaga ubao mbovu, bibi akaamka. Dakika ya tisa akaamka tena. Msumari akatoa neno lisiloandikika.

Dakika ya kumi.

"Wapendwa..." Mtengeneza gemu akafumba macho. "Wapendwa, hebu nyamazeni, nisikie!"

Ishirini zikapita. Thelathini. Hewani ikabaki pumzi ya Msumari peke yake, na matone ya bomba la bibi. Ufunguo ulipogusa msumari wake ukutani, jamaa akapiga ukelele hadi maikrofoni ikakwaruza.

"Miaka kumi na mmoja nacheza gemu! Hakuna aliyewahi kunifanyia hivi! Fundi, kaa tayari, nakuunganisha hewani!"

Simu ikalia. Alikuwa dada.

"Picha zangu ziko wapi?"

"Picha gani?"

"Za miaka mitatu, wewe! Nimetazama mwanzo mpaka mwisho na abiria wote. Weusi mtupu, kona hadi kona!"

"Dada, nimeijaribu mara tatu. Haikuwa na kosa hata moja."

Dada akaangua kicheko, akacheka mpaka akakohoa.

"Mara tatu, anasema! Kosa ni langu, ningekuja jana."

"Niiondoe?"

"Ukithubutu nakukana. Basi lilipowaka, njia nzima abiria walifumba macho wasikilize, hata dereva ilibidi tumgombeze. Picha zangu zitangoja. Niko getini, shuka unifungulie."

Alipokata tu, simu ikalia tena. Mlio ule aliujua: bosi. Akauacha ulie mpaka ukachoka.

"Fundi, uko hewani!" Msumari akanguruma. "Watu elfu tisa wanauliza swali moja. Humo ndani mlango hauonekani, ngazi hazionekani, bibi mwenyewe haonekani. Wewe uliijaribuje?"

"Kama ninavyojaribu kila kitu," akajibu, akavua hedifoni, akachukua fimbo yake nyeupe, akashuka ngazi kumfungulia dada yake.