Skii za Mashavu

Kwa saa nzima dukani, Mashavu alinyanyua skii pana, mbao za kutelezea juu ya theluji laini, na kuzirudisha ukutani. Alitaka jozi moja tu, ya kutelezea na wageni wa hoteli na ya kupandia milima isiyo na lifti ya kubeba watu hadi juu, anapoitwa kuokoa watu.

“Nzito hutulia ukishuka, nyepesi hazichoshi ukipanda,” muuzaji alirudia. “Yote mawili hupati, dada.”

“Mwezi uliopita nilipanda na nzito,” Mashavu alifoka. “Nilipofika, yule bwana niliyeitwa kumwokoa alikuwa ameshaganda.”

Mashavu akachukua nyepesi.

“Hizo zitakutetemesha ukishuka.”

“Acha zinitetemeshe.”

Alitoka nazo begani. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, na kilele cha mlima hakikuonekana tena.