Tabasamu la Gavana

Gavana Tindwa aliitisha uchaguzi wa jimbo kabla ya wakati, gonjwa likiwa limepamba moto, kwa kuhofia kwamba akisubiri atashindwa. Akashinda. Wiki mbili baadaye alikwenda kumpa pole Bi Mwasiti, mjane wa karani aliyeambukizwa kwenye foleni ya wapigakura.

Chini ya turubai, wafiwa wote walikuwa wamevaa barakoa za kampeni, zilizochapwa nusu ya uso wa gavana: mdomo, meno, tabasamu.

“Utuwie radhi, mheshimiwa,” mjane alisema. “Hatuna nyingine ila hizi ulizotugawia.”

Gavana alisema pole. Akainamisha kichwa. Alipokiinua, Bi Mwasiti alikuwa analia, na lile tabasamu, limelowa machozi, lilikuwa linamganda usoni.