Pini ya Gogo la Saba

Fundi Kombo alibadilisha pini kwa mara ya tatu asubuhi ile, na hakuna farasi hata mmoja aliyekuwa amefika kwenye gogo la saba la mashindano ya kuruka vizuizi.

Pini hizo za kushikilia gogo ziliwekwa baada ya mpandaji Shaali kufa hapo mwaka jana. Farasi wake alijikwaa kwenye gogo, akapinduka, akamwangukia. Siku hizi farasi akiligonga, pini hukatika na gogo huanguka lenyewe.

"Labda ni mbovu," alisema Bi Tunu, mwamuzi wa kizuizi hicho.

"Zote tatu, mama? Hebu njoo uone."

Kombo alimwonyesha nyasi. Upande wa kurukia kulikuwa na alama mbichi za kwato. Upande wa kutua hapakuwa na hata moja.

"Nisimamishe mashindano kwa hilo? Watanicheka."

Filimbi ililia. Mpandaji wa kwanza, binti aitwaye Rehani, alichomoza msituni kwa kasi. Hapo hapo, nyuma ya Bi Tunu, pini ikakatika, ta! Gogo likalala chini.

Bi Tunu alinyakua bendera nyekundu, akaipunga kwa mikono miwili. Rehani akavuta hatamu, na farasi akasimama akihema mbele ya gogo.

"Kuna nini, Bi Tunu?"

 Bi Tunu alikuwa akimtazama farasi. Masikio yalikuwa yamemsimama. Farasi aligeuza kichwa polepole, akaitazama njia waliyotokea, ambayo ilikuwa tupu. Kisha akasogea kando, akapisha, kama anayempisha farasi mwingine.