Mstari Uliokataa Kulala

Umewahi kuona bwawa la samaki lisilojua kutosheka? La Tusekile, kule Kinyala, lilikuwa hivyo, mwaka ule mitumba ilipoanza kujaa sokoni Tukuyu.

Mumewe Lukasi alilichimba kwa jembe, akapanda perege arobaini, akafa. Tusekile hakulia sana. Alisema atamaliza kazi ya marehemu, kisha atarudi kwao Isongole.

Kazi yenyewe aliileta Hezron, bwana samaki. Kila mwisho wa mwezi walipunguza maji, wakakokota wavu, Tusekile akahesabu kwa sauti. Daftarini Hezron alikuwa amechora mistari miwili ya kukisia idadi ya samaki. Mmoja unapanda bila kuchoka. Wa pili unapanda, kisha unalala, kwa sababu bwawa likishajaa halizidishi tena. Alitaka ajue upi ni wa kweli, awaeleze wakulima.

“Ukilala tu, nafunga mizigo,” Tusekile alisema.

Mia mbili. Mia mbili na sitini. Mia tatu na kumi na tatu.

“Shemeji, samaki wako hawajasoma kitabu changu! Kibwawa kama kitanda!”

“Basi wasomee.” Hakucheka.

Nyuma ya migomba mtu alikohoa. Ni baba mkwe, mzee Ambindwile. Kwa mila yao mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani; huyu akija huku, yule hupita kule. Miaka kumi na mmoja Tusekile ameishi kwenye mji wa mzee, hajaona zaidi ya visigino vyake.

Mwezi wa kumi wa kuhesabu Hezron alikata kwa kalamu ule mstari unaolala.

“Nimechagua. Hili linapanda tu. Tuhesabu mwaka mwingine.”

“Mwaka?” Tusekile alikamua maji kwenye kitenge chake. “Haya.”

Mwezi uliofuata Hezron aliwahi, asubuhi na mapema, maana mchana alikuwa na msiba Makandana. Walishuka bwawani pamoja. Ukingoni mzee Ambindwile alikuwa ameinama, anamimina bwawani perege wazima kutoka kwenye ndoo.

Tusekile alijifunika uso, akageuka akimbie.

Mzee hakukimbilia migombani. Alisimama palepale, maji yakimchuruzika mikononi.

“Usirudi Isongole, mwanangu,” alisema.