Jasho la Mkwe

Saa moja asubuhi, siku ya tatu ya safari, Eudald alikuwa amelala chali chini ya baiskeli ya baba wa mchumba wake, akitafuta mota.

Aligonga bomba la kiti. Likalia kama bomba. Alinusa cheni, akazungusha gurudumu, akachungulia kila penye tundu. Mota haikuwepo. Ilikuwepo baiskeli safi mno, yenye tairi ambazo bado zilikuwa na vinyweleo vya mpira kama siku ya kutoka dukani. Eudald akakata shauri kwamba huyu ni mtu anayetunza sana vitu vyake, na moyo ukazidi kumvunjika.

"Umepoteza kitu, kijana?" Mzee Narcís alikuwa mlangoni, mkononi kipande cha mkate uliopakwa nyanya.

"Naangalia tu kama tairi zina upepo, mzee."

"Zinao. Wewe je?"

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mzee Narcís, mkulima wa zabibu wa Capmany, mwenye miaka sitini na sita na tumbo la heshima, alikuwa na mabinti watatu na desturi moja. Kila aliyemposa binti yake alipaswa kwenda naye likizo ya baiskeli ya siku tatu, kutoka kwenye mashamba ya mizabibu hadi baharini Cadaqués. Kiongozi wa msafara hakuna. Asubuhi kila mtu anapewa kijitabu cha njia, anakwenda kwa mwendo wake, na mabegi yanachukuliwa na gari la Berta, mpwa wa mzee. Jioni mnakutana kwenye nyumba ya wageni. Mkifika baharini, mzee anasema ndiyo au hapana. Na Queralt, binti wa mwisho, alikuwa ameapa kwamba haolewi na mtu ambaye baba yake hawezi kukaa naye meza moja.

"Sasa nifanye nini anikubali?" Eudald alimuuliza.

"Kuwa wewe tu. Baba hawapendi watu wa kujionyesha."

Aliwaendea wakwe wawili waliomtangulia, akawaomba siri. Wote wawili walitazama viatu vyao. Mmoja alikohoa, akasema, "Yule Oriol aliyemposa Queralt kabla yako alipanda mlima wote bila kushuka hata mara moja. Akakataliwa."

Eudald alielewa alivyoelewa. Alifanya mazoezi miezi minne.

Tena alikuwa mtu wa haki, wa kupindukia. Shuleni, bwenini, aliwahi kujipeleka mwenyewe kwa mwalimu wa zamu kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona, na bweni zima likaosha vyoo kwa ajili ya dhamiri yake.

Siku ya kwanza alifika ulimi nje, akamkuta Mzee Narcís uani, shati kavu, anatema kokwa za zeituni. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini huyu alikuwa na rangi ya mtu ambaye yeye na jua huandikiana barua tu.

"Umekawia, kijana," alisema, akainua porró, ile chupa ya kioo yenye mdomo mrefu, akajimiminia divai kinywani kwa mbali, bila tone kumwangukia.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. "Tulidhani umerudi kwa mama," alisema mzee.

Na kila siku, penye mwinuko mkali, gari la Berta lilimfikia Eudald na kupunguza mwendo kando yake.

"Unahitaji chochote?" Berta aliuliza.

"Sihitaji," Eudald alijibu, kifua mbele, na gari likaenda zake.

Siku ya tatu ilivuma tramuntana, upepo wa kaskazini ambao kule wanasema humpunguzia mtu akili. Uliipunguza ya Eudald kuanzia kona ya kwanza. Kwenye kona ya tano alikuwa akipiga pedali kwa nguvu zote huku akirudi nyuma. Alishuka, akaketi kwenye ukuta wa mawe wa shamba lililotelekezwa, akamwona Queralt akiolewa na mwingine, mwenye mapaja makubwa.

Gari likaja taratibu, kama linalotafuta nyumba ya mtu.

"Unahitaji chochote?"

Mkono wa Eudald ulipanda kabla dhamiri yake haijaamka.

"Dada Berta, nifikishe juu tu. Kuteremka nitateremka mwenyewe."

Berta alitazama saa yake, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Mzee asijue," Eudald aliongeza.

"Mimi simwambii kitu. Baiskeli nitaifunga juu ya gari. Ingia nyuma, usikanyage jibini."

Mlango ukafungwa. Gizagiza, mabegi mpaka kichwani. Eudald alijipenyeza katikati yao, akiwa amemkumbuka mwalimu wa zamu na kuamua kwamba ataungama palepale ufukweni, mbele ya wote, hata kama itamgharimu Queralt. Ndipo aliposikia, nyuma ya sanduku kubwa, sauti nyembamba ya kitu cha majimaji kikianguka kutoka juu.

Mzee Narcís alikuwa kwenye kiti cha kukunja, ndara miguuni, zeituni mapajani, baiskeli yake safi imefungwa ubavuni mwa gari kwa kamba. Kando yake palikuwa na kiti cha pili, kitupu. Alivua kofia, akakifuta vumbi la siku tatu.

"Nilishaanza kuogopa kwamba na wewe ni kama Oriol," alisema, akimnyooshea porró. "Keti, mwanangu."